Presha Ilipofika Nchi ya Chai
 Huko Kisii, eneo la chai nchini Kenya, daktari Mwingereza C. P. Donnison aliwafunga watu 1,000 mkanda wa kupimia presha mkononi. Mwaka 1929 aliandika katika jarida la Lancet kwamba, kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini, hakukuta hata mmoja mwenye presha.

Hali hiyo haikudumu.

Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohamia Nairobi: chumvi iliongezeka mwilini, uzito pia, na presha ikapanda mapema. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha. Inasikitisha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamepimwa kamwe. Tembe ya amlodipini, dawa ya kushusha presha, humezwa kila siku, hata mtu akijisikia mzima, kwani dozi ikikatwa presha hurudi.