Aliyetumwa Mbali Anahitaji Mwenyeji: Mafundisho ya Niemba, Mpala na Fizi

Kati ya Kabalo na Kalemie, katika njia ya reli iliyofika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915, kuna kituo kinachoitwa Niemba. Zamani jina hilo lilijulikana na wenyeji na watu wa reli tu. Lakini mwezi wa Novemba 1960 lilienea ulimwenguni pote kwa habari ya huzuni. Tunapenda kuikumbuka habari hiyo hapa, kwa sababu kila mwaka mwezi wa Oktoba tunaombwa kuwasaidia wamisionere wanaotumika mbali na kwao, na wengi wetu tunadhani msaada huo maana yake ni sadaka ya Dominika moja tu. Niemba inatufundisha kwamba kuna msaada mwingine, na kwamba ukikosekana huo, feza nyingi na nia njema haziwezi kumwokoa mgeni.

I. Niemba, tarehe 8 Novemba 1960

Tukumbuke kwanza hali ya nchi wakati ule. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza kuwa nchi ya peke yake. Wabaluba wa kaskazini walikataa utengano huo. Jandarmeri ya Katanga, iliyoongozwa na maofisa wazungu, ikaja kuwatiisha. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia porini. ONU ilituma askari wa kulinda amani, na kati yao kikosi cha Waairlandi kiliwekwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Kundi dogo la kikosi hicho likakaa Niemba.

Siku ile ya tarehe 8 Novemba, askari 11 walitoka Niemba pamoja na luteni wao, Kevin Gleeson, wakaenda kuangalia barabara na daraja la mto Luweyeye lililokuwa limevunjwa. Huko wakakutana na Wabaluba wengi wenye pinde na mishale. Walionusurika wamesimulia kwamba luteni aliwasalimu kwa amani, akisema: «Jambo». Jibu likawa mishale. Waairlandi 9 walikufa, 2 tu wakapona. Wabaluba nao walipoteza watu wao siku ile. Mwili wa askari mmoja, Anthony Browne, ulipatikana miaka 2 baadaye.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu Wabaluba wa Niemba. Wao walikuwa wameona nyumba zao zikiungua mbele ya wanaume wazungu wenye bunduki. Basi walipoona tena wanaume wazungu wenye bunduki, nani angewaambia kwamba hawa ni wengine? Wala hatusemi kwamba askari wale walikuwa wamisionere. Lakini walikuwa watu waliotumwa mbali kwa ajili ya amani, tena vijana wa nchi ya Wakatoliki. Hawakuchukia mtu. Walijua hata neno moja la lugha yetu. Lakini neno moja la Kiswahili halikutosha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimama katikati na kuwaambia wenyeji: «Hawa ninawajua.»

Wazee husema: mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona, na kila mtu humdhania neno lake mwenyewe. Anayemsaidia kweli ni yule anayemjulisha.

II. Mpala na Karema: Agnes wawili

Sasa turudi nyuma, na tuende mpaka pwani ya ziwa, kusini ya Kalemie. Hapo pa Mpala ofisa mbelgiji Émile Storms alijenga kituo mwaka 1883. Mwaka 1885 mfalme Leopoldi II aliwaachia Mapadri Weupe vituo vya Mpala na Karema, na Padri Moinet na Padri Moncet wakaingia Mpala.

Mapadri hao walijua vizuri hatari ya kuwa wageni. Miaka 4 tu mbele yake, tarehe 4 Mei 1881, wenzao Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa Rumonge, katika nchi ya Burundi, kwa ugomvi uliotokea juu ya mtoto mmoja wa misioni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao, aliwapa watoto wake amri ngumu: wajifunze lugha ya wenyeji, na baada ya miezi 6 waitumie hata wao kwa wao. Hakutaka wabaki watu wa kusema «jambo» tu.

Lavigerie aliwatafutia vilevile msaidizi mwenye nguvu. Mwaka 1887 alifika Mpala kapiteni mfaransa, Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa huko Roma. Yeye hakuwa padri. Alikuja kuwalinda wamisionere na watu waliokimbia wafanya biashara ya watumwa, akafundisha wanaume wa hapo kuvilinda vijiji vyao. Hatufichi kwamba wakati ule wa Mpala ulikuwa na makosa yake: mapadri walishika hukumu na silaha pamoja na Injili, na mambo hayo hayapatani vizuri. Lakini tuangalie neno moja la maisha ya Joubert ambalo watu wengi hulipita haraka. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa nchi ile. Tangu siku hiyo hakuwa tena mzungu wa bunduki tu. Alikuwa mkwe wa watu. Vita vya watumwa vilipokwisha hakurudi Ulaya. Alikaa Mrumbi na baadaye karibu na Moba, akalima, akafundisha katekisimu, hata akafa tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 40 katika nchi yetu.

Ng'ambo ya ziwa, pa Karema, tunaona habari inayofanana sana na hiyo. Adriano Atiman alizaliwa Afrika ya magharibi, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, naye alikuwa mgeni kamili: ngozi yake ilifanana na ya wenyeji, lakini lugha na desturi hakuzijua. Alioa binti wa jamaa ya sultani wa hapo, naye pia aliitwa Agnes, Agnes Wansahira. Akawatibu wagonjwa na kuwafundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Mtoto wao Joseph akawa padri.

Agnes wawili, mmoja kila upande wa ziwa. Vitabu vya historia vinajaa habari za waume zao. Wao wenyewe wanatajwa kwa mstari mmoja. Lakini tufikiri: mume asipojua maana ya neno, nani alimweleza? Watu walipouliza, «Huyu ni mtu wa namna gani?», nani aliitwa kujibu? Wanawake hawa hawakupanda meli, hawakutumwa na askofu yeyote. Hata hivyo sisi twaona kwamba walifanya kazi kubwa katika kuwasaidia waliotumwa. Na pamoja nao tuweke makatekista wa kwanza wa Mpala na Baudouinville, waliotangulia mbele ya padri kijijini na kubaki nyuma yake alipokwenda.

Matunda yalionekana. Tarehe 21 Julai 1917, pa Baudouinville, Monsinyori Roelens alimpa Stefano Kaoze upadri. Mtoto huyo wa Marungu, aliyesoma Mpala, alikuwa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Hapo mgeni na mwenyeji walikutana altareni.

III. Wale waliobaki nyumbani

Isidhaniwe kwamba tunadharau msaada uliotoka Ulaya. Bila huo Mpala isingaliishi. Lakini tuangalie ulitolewa na nani. Mwaka 1822 Shirika la Kueneza Imani lilianzishwa Lyon, Ufaransa, na hapo alikuwako msichana aitwaye Pauline Jaricot. Mpango wake ulikuwa mwepesi sana: kila mtu atoe senti moja kila juma na kusali kila siku, na watu wawekwe makumi makumi, kila kumi na mkubwa wake. Waliotoa walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa mshahara mdogo. Pauline mwenyewe alikufa maskini mwaka 1862. Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022.

Sisi waseminari tunapaswa kujua na jina la Bigard. Mwaka 1889 mama mmoja wa Caen, Stéphanie Bigard, na binti yake Jeanne walipata barua ya askofu wa Nagasaki, katika Japani. Askofu alikuwa na vijana waliotaka upadri, lakini hakuwa na kitu cha kuwalisha. Kutokana na barua ile lilizaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo mpaka leo linasaidia seminari za nchi za misioni. Mwaka 1922 Papa Pio XI aliyafanya mashirika hayo kuwa ya Kipapa.

Na mwaka 1957 Papa Pio XII, katika barua yake Fidei Donum juu ya misioni, hasa za Afrika, aliwaomba waamini mambo matatu: sala, sadaka, na watu wenyewe, ndio mapadri ambao maaskofu wa Ulaya wangewaazima kwa muda. Angalieni mfuatano wake. Sala imetangulia, sadaka imefuata, na mwisho mtu anajitoa mwenyewe. Hilo la tatu mwana wa Joubert alilitimiza kabisa.

IV. Fizi, tarehe 28 Novemba 1964

Kati ya watoto wa Kapiteni Joubert na Agnes Atakao alikuwako Albert, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908 na kupewa upadri mwaka 1935. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa mashariki, Padri Albert alikuwa Fizi, katika jimbo la Uvira, akitumika pamoja na Waksaveri, wamisionere waitaliano walioingia Uvira mwaka 1958.

Tarehe 28 Novemba waasi walifika Baraka. Wakamwua Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alipoona mwili wa mwenzake alikataa kupanda gari lao, akataka kufa pale pamoja naye, akauawa. Jioni ile ile waasi wakafika Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè, na Padri Albert Joubert pamoja naye.

Basi, babaye alitoka mbali ili kuwalinda wamisionere kwa bunduki. Mwana hakuwa na bunduki. Alikuwa na mama wa Kiafrika, lugha ya nchi, na altare moja na wageni wale. Hakuweza kuwaokoa. Lakini hawakufa kama watu wasiojulikana na mtu: mwana wa nchi alikufa nao. Tarehe 18 Agosti 2024, pa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Waitaliano watatu na mwana wa Mrumbi: Eklezia haikuwatenga.

V. Kazi yetu sisi

Tumeona Niemba, ambako hapakuwa na wa kusema «ninawajua». Tumeona Mpala na Karema, ambako walikuwako. Tumeona Fizi, ambako mmoja alisema hivyo kwa damu yake. Sasa twajiuliza: sisi tufanye nini?

Ninyi makatekista, msaada wenu wa kwanza kwa padri mgeni ni ukweli. Anapokosa katika lugha, msicheke pembeni, mwelezeni. Anapovunja desturi bila kujua, msikae kimya ili aaibike. Na watu wanapomdhania vibaya, semeni yale mnayoyajua juu yake. Vilevile anapokosa kweli, mwambieni yeye mwenyewe kwa heshima. Mwenyeji anayesifu tu hamsaidii mgeni.

Sisi waseminari na mapadri tukumbuke kwamba leo njia ya misioni haitoki Ulaya tu. Wana na mabinti wa Kongo wanatumika katika Afrika yote, katika Amerika ya kusini, Asia na Ulaya kwenyewe. Huko wao ndio kuku weupe. Wanalala katika baridi, wanasema lugha waliyojifunza wakiwa watu wazima, wanapimwa kwa macho barabarani. Na sisi tunawaandikia nini? Mara nyingi barua yetu ina salamu mistari miwili, kisha orodha: feza ya shule, feza ya matanga, simu mpya. Padri aliye ng'ambo si sanduku la feza la ukoo. Tumwandikie habari za kijiji, tumwulize habari za watu wake wapya, tumwambie kwamba jina lake limetajwa katika Misa. Parokia inayomtaja mmisionere wake kwa jina kila Dominika inampa kitu ambacho hawezi kukinunua mahali popote.

Tena sadaka ya Oktoba isiachwe. Dominika ya Misioni, iliyowekwa mwaka 1926, haikuwekwa kwa ajili ya matajiri. Mama anayetoa kikombe cha mihogo cha kuuzwa sokoni anafanya kazi ile ile ya wafumaji wa Lyon. Nasi tuliolelewa kwa senti za watu tusiowaona, itakuwa aibu tukiwa watu wa kupokea tu.

Treni ikisimama Niemba, wewe seminarista unayekwenda likizo au wewe padri unayekwenda kwenye misioni yako mpya, sali Baba Yetu moja kwa ajili ya Wabaluba na Waairlandi waliokufa kule Luweyeye. Kisha, ukifika kule unakokwenda, umtafute mgeni aliyeko pale, ukae naye, umjue, ili siku watu watakapouliza habari zake, awepo mtu mmoja wa kuwajibu.