Muda wa Vyeti vya Usalama wa Tovuti Wazidi Kufupishwa

Kuanzia Machi 15, 2026, cheti cha usalama kinachoiwezesha anwani ya tovuti kuanza kwa herufi HTTPS hakipaswi kutolewa kwa muda unaozidi siku 200, badala ya siku 398 za awali. Kikomo hicho kitashuka hadi siku 100 Machi 2027 na siku 47 Machi 2029, kufuatia uamuzi wa Aprili 2025 wa jukwaa la kimataifa linalowaunganisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari.

Cheti hicho huthibitisha kuwa seva ina haki ya kutumia jina la kikoa husika, na huwezesha kusimbwa kwa taarifa zinazopita baina yake na mwananchi. Hakithibitishi uadilifu wa mwenye tovuti. Tapeli naye hupata cheti halali kwa jina alilolisajili mwenyewe.

Taasisi iliyokodi seva katika wingu hailazimiki kulipia cheti. Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani, imekuwa ikivitoa bure tangu 2015, kwa kawaida vya siku 90. Programu kama Certbot huomba cheti, na umiliki huthibitishwa kwa faili linalosomwa kupitia mlango wa mawasiliano namba 80, au kwa rekodi iliyowekwa katika DNS. Programu hiyo hukihuisha cheti siku 30 hivi kabla ya kuisha.

Hitilafu nyingi hujificha katika uhuishaji. Msimamizi anayeufunga mlango namba 80 kwa nia njema ya kuimarisha ulinzi, au anayefuta rekodi ya DNS akidhani haina kazi, huuzuia bila kujua. Aidha, cheti kipya chaweza kuwemo kwenye seva huku tovuti ikiendelea kutumia cha zamani, kwa sababu tu programu ya tovuti haikuagizwa kukisoma upya. Amri ya «certbot renew --dry-run» hupima uombaji wa cheti, si hatua hiyo ya mwisho. Isitoshe, Let's Encrypt iliacha Juni 2025 kutuma barua pepe za tahadhari, hivyo ufuatiliaji wa tarehe ni wajibu wa taasisi yenyewe.

Athari zake zilionekana Marekani mwanzoni mwa 2019. Shughuli za serikali zikiwa zimesimama kwa kukosa bajeti, zaidi ya vyeti 80 vya tovuti za serikali viliisha muda bila kuhuishwa. Baadhi ya tovuti hizo, ikiwemo ya Wizara ya Sheria, zilikuwa zimewekewa masharti makali ya usalama, hivyo vivinjari havikumpa mtumiaji njia yoyote ya kuingia.

Mwananchi anayekutana na onyo la cheti anashauriwa kwanza kukagua tarehe na saa ya simu yake, kwani zikikosewa huleta onyo hilohilo. Zikiwa sahihi, asiingize nywila wala kufanya malipo hadi onyo litakapoondoka.