Mendoza Line: Jina la Mtu Liligeuzwa Tusi

Wasee, kama umewahi kufuatilia besiboli ya Marekani hata kidogo, kuna neno lazima limekupata: Mendoza Line. Mchezaji akiambiwa yuko chini ya hiyo laini, ameambiwa hajui kupiga. Wengi hulitupa tu bila kujua kwamba Mendoza ni mtu, na ako na historia yake.

Kwanza hesabu, iko rahisi. Chukua mapigo ya mchezaji yaliyofaulu, gawanya kwa mara zake rasmi za kupiga. Ukipata .300 wewe ni staa, yaani unafaulu mara 3 kati ya 10. Ukipata .200, ni mara 2 pekee. Hiyo .200 ndiyo Mendoza Line.

Mario Mendoza alizaliwa Chihuahua, Mexico, mwaka wa 1950. Kuanzia 1974 hadi 1982 alichezea Pittsburgh Pirates, Seattle Mariners na Texas Rangers. Kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi, pale kati ya besi ya pili na ya tatu. Kwao Mexico walimwita Manos de Seda, mikono ya hariri, vile alivyokuwa akidaka mipira. Kupiga ndiko kulimsumbua.

Mwaka wa 1979, akiwa Seattle, alimaliza msimu na wastani wa .198. Wenzake wawili kwenye timu, Tom Paciorek na Bruce Bochte, ndio husemekana walianzisha huo utani. George Brett wa Kansas City Royals alipoanza msimu wa 1980 vibaya, wakamchokoza ati asipojichunga atajipata chini ya Mendoza Line. Brett akaupenda huo msemo, ukamfikia mtangazaji Chris Berman wa ESPN, na TV ikamaliza kazi. Leo unatumika hata nje ya michezo, kitu chochote kikifanya vibaya.

Sasa ona hii maneno. Brett alimaliza 1980 na .390, mwaka wa maajabu. Lakini msimu huo huo Mendoza naye alipiga .245. Na ukijumlisha miaka yake yote kwenye ligi kuu, wastani wake ni .215. Manze, Mendoza mwenyewe yuko juu ya Mendoza Line!

Na kuna swali ambalo utani hauulizi. Msimu una mechi 162. Ule mwaka wake wa .198, Mendoza alicheza mechi 148. Kocha hawezi kukupanga mara 148 kwa kukuhurumia. Alipangwa kwa sababu ile mikono iliokoa timu, ila kazi ya mikono haikuwa kwenye ile listi ya wapigaji watu walikuwa wakisoma gazetini.

Hapo ndipo mimi nina shida na huu msemo. Nambari moja ilipima kitu kimoja, halafu watu wakaichukua kama kipimo cha mtu mzima. Mexico walimwangalia wote, na mwaka wa 2000 wakamwingiza kwenye jumba lao la magwiji wa besiboli.

Kwa hivyo siku utasikia mtu akicheka mwingine na Mendoza Line, muulize tu: kwani Mendoza alimaliza na ngapi?