Kibali cha Kompyuta: Dola na Mtandao Tanzania tangu 1965

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu za umma. Haikuchukua muda kupoteza sifa. Mitambo ilitoka Uingereza, wataalamu wa kuiendesha walitoka nje, na vyote vililipiwa kwa fedha za kigeni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahesabu yalikuwa yamevurugika, na baadhi ya kazi zikarudi mikononi mwa makarani. Kisha bei ya mafuta ikapanda ghafla mwaka 1973. Mwaka uliofuata Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania Bara pasipo kibali maalumu, na televisheni zikawekwa katika fungu hilohilo.

Marufuku hiyo mara nyingi husimuliwa kama kituko cha siasa ya Ujamaa. Hukumu hiyo haitoshi. Kwa Hazina iliyokuwa ikihesabu kila dola, mashine ghali isiyofanya kazi yake ilikuwa hasara tupu. Tena Serikali haikuchukia vyombo vya habari. Ilikuwa na chombo ilichokiamini, nacho ni redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza vipindi, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa na msemaji mmoja na wasikilizaji wengi, na msemaji alijulikana. Zanzibar, upande wa pili wa Muungano, ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka hiyohiyo, kwa hiyo suala halikuwa uwezo peke yake. Lilikuwa pia suala la nani anaamua raia aone nini. Na mahali pa kuamulia palikuwa rahisi kulinda: forodhani. Mashine ilikuwa kubwa, ilipita bandarini, na bila karatasi yenye muhuri haikutoka.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yaliilegeza marufuku hiyo taratibu, na miaka ya 1990 ikaifuta. Mwaka 1993 Bunge lilitunga Sheria ya Mawasiliano na Sheria ya Huduma za Utangazaji, kila moja ikiwa na tume yake. Shirika la Posta na Simu likagawanywa, simu zikabaki kwa kampuni ya TTCL, na mwaka 1994 kituo cha ITV kikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam, miaka kadhaa kabla ya televisheni ya taifa. Intaneti ilipoingia katikati ya muongo huo, haikukuta sheria iliyoitaja. Kampuni binafsi ziliruhusiwa kuunganisha wateja kwa setilaiti, na TTCL ikabaki na haki ya peke yake ya simu za mezani hadi Februari 2005. Huduma ilikuwa ghali, nayo ikatumiwa zaidi na ofisi, wafadhili, vyuo na wateja wa vibanda vya intaneti mijini. Dola haikuwa na sababu ya kuihofu.

Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 inaonyesha hali hiyo waziwazi: lugha yake ni ya maendeleo, elimu na biashara. Mwaka huohuo tume mbili za awali ziliunganishwa kwa sheria kuwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Katika ukimya huo wa dola, Waswahili wa mtandaoni walijijengea barza yao. Blogu ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha ilianza 2004, ya Issa Michuzi mwaka uliofuata, na kufikia 2006 jukwaa lililokuja kuitwa JamiiForums lilikuwa limeanza kukusanya watu waliojadili mikataba ya serikali kwa majina ya bandia. Redio ya Mtu ni Afya haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Badiliko kubwa lilikuja kwa waya. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, EASSy ukafuata 2010, na Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani. Hapo dola ilikuwa mjenzi wa mtandao kabla ya kuwa mlinzi wake, jambo linalosahaulika katika mabishano ya leo. Simu zikageuka pochi za fedha. Malipo ya serikali yakahamia katika mfumo mmoja wa kielektroniki, na mwaka 2021 miamala ya simu yenyewe ikatozwa tozo iliyozua malalamiko makubwa hadi ikapunguzwa. Mtandao ukawa chanzo cha mapato.

Udhibiti ulikua sambamba. Usajili wa laini za simu ulianza 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaupa nguvu. Kuanzia Mei 2019 alama za vidole na kitambulisho cha taifa vikawa sharti; ambao hawakusajili kufikia Januari 2020 walianza kufungiwa laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Ilikuwa na vifungu ambavyo nchi yoyote ingevihitaji, kama vile vya wizi na picha za ngono za watoto. Lakini kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na vifungu vingine vikawapa polisi njia ya kudai taarifa za watumiaji. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa. Jukwaa lake lilikuwa limekataa kutoa majina ya watumiaji.

Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilirudisha kibali cha 1974 kwa sura mpya. Safari hii mwenye kuomba alikuwa mwandishi. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Vibanda vya intaneti vilitakiwa kufunga kamera. Juni mwaka huo JamiiForums ilifunga huduma kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikanyamaza kwa kukosa ada. Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye na kulegezwa, hasa 2022, lakini msingi wa leseni ukabaki.

Kulikuwa na kizuizi kimoja ambacho karatasi haikuweza kukivuka: Twitter na WhatsApp hazikuwa na ofisi ya kupelekewa barua. Zilizoweza kuamriwa ni kampuni za simu, kwa kuwa zinaishi kwa leseni ya TCRA. Oktoba 2020, karibu na siku ya kura, ujumbe wa simu wa makundi ulisitishwa kwa agizo, na mitandao ya kijamii ikazibwa. Wananchi wakajifunza VPN, programu za kukwepa vizuizi hivyo. Mamlaka ikajibu Oktoba 2023 kwa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajiandikishe, amri ambayo ni vigumu kuitekeleza bila kuchungulia mawasiliano ya kila mtu.

Mei 2025 X, iliyokuwa Twitter, ilizuiwa. Septemba JamiiForums ilifungiwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalipozuka, intaneti ilizimwa nchini na amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam. Huduma ilianza kurejea mwanzoni mwa Novemba, na watumiaji wakapokea ujumbe mfupi wa polisi ukionya kwamba kusambaza picha au video zinazoweza kuzua taharuki ni kosa la jinai.