Kivunja Mji: Tarehe ya Ushanga

Kaskazini mwa Pemba, mahali panapoitwa Tumbe, wachimbuaji wa mambo ya kale waliokota vigae vya vyungu vyenye mifereji myembamba, tena kwa wingi usio wa kawaida. Mji ule ulikaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na mifereji ile haikuwa nakshi ya mfinyanzi. Mtu alivunja kombe la baharini, akalitoboa kipande kwa kipande, kisha akavisugua vipande kwenye kigae mpaka vikaviringika. Vigae kama hivyo vimepatikana pia Shanga, kisiwani Pate, mji ambao Mark Horton alianza kuuchimbua mwaka 1980. Kwa hiyo wanaosema kwamba ushanga tuliletewa na wageni wana nusu ya habari. Kutoboa, kusugua na kutunga vilikuwa kazi ya mikono ya watu wa pwani tangu miji yenyewe ilipokuwa ya miti na udongo.

Kilicholetwa ni kioo na akiki. Akiki nyekundu ilitoka Khambhat, huko Gujarat, na shanga ndogo za kioo zikatoka India hiyohiyo, zikivushwa na pepo za kaskazi. Wareno walipofika mwaka 1498 na miaka iliyofuata walidhani watauza chochote watakachopakua. Kule Sofala, katika Msumbiji ya leo, wakakuta watu wamekwisha kuzoea shanga za Khambhat, na za kwao Ulaya hazina mnunuzi. Ikawabidi wafuate shanga India kwanza, ndipo warudi nazo kununulia dhahabu. Ukiifuata tarehe ya ushanga utalikuta jambo hili kila karne: mtengenezaji yuko mbali, msafirishaji ana merikebu na mizinga, na neno la mwisho ni la anayevaa.

Karne ya 19 ndiyo iliyolidhihirisha zaidi. Maduka ya Unguja yalijaa shanga za Venice, na kila msafara uliokwenda bara kutoka Bagamoyo ulizibeba mafurushi kwa mafurushi. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri kati ya 1857 na 1859, alihesabu aina zipatazo 400 sokoni, kila moja na jina lake na mahali inapopendwa. Samesame, nyekundu ya rangi ya marijani, ilikuwa malkia wao. Wengine waliiita kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoihangaikia, na ilisemwa kwamba mtu yuko radhi kukitoa chakula chake cha jioni ili aipate. Nadhani jina hilo la kivunja mji walilitoa wanaume waliotakiwa kulipa.

Vipimo navyo vilikuwa vya mwili na uzi. Khete ni uzi mmoja wa shanga, na khete kumi zilifanya fundo. Mgeni asiyejua kuhesabu mafundo aliliwa mchana kweupe.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley alikaa Unguja akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, akanunua magunia 22 ya shanga za aina 11. Kwanza ilimbidi aulize wazee wa biashara, kwa maana kosa la rangi lingeweza kumwua kwa njaa. Unyamwezi walitaka nyekundu na kuzikataa nyingine zote. Nyeusi, waliyoiita bubu, ilikuwa fedha halali Ugogo, na ukitoka Ugogo ni takataka. Sungomaji, kubwa za mfano wa yai, zilipokelewa Ujiji na kukataliwa kwingineko. Hebu fikiri: mtu mwenye fedha ya gazeti la New York Herald, bunduki na wapagazi wengi, usalama wake umeshikwa na upendeleo wa mama mmoja wa Tabora kwa rangi fulani.

Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na mambo ya ajabu zaidi. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, aliona soko linaloendeshwa kwa sofi, ushanga mrefu mwembamba unaofanana na kipande cha shina la kiko. Asubuhi walikuwepo watu wenye mifuko ya sofi, wanabadilishana na wanaokuja kununua. Jioni walewale walizirudisha kutoka kwa waliouza, wakipata faida kuingia na kutoka. Biashara ya kubadili fedha haikusubiri benki ije ziwani.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la Taveta, mwaka 1883. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alikuwa anaingia nchi ya Wamaasai, na hapo akaambiwa kwamba shanga zake jinsi zilivyo hazifai. Wamaasai hawakupokea ushanga uliomwagwa mfukoni. Walipokea nyuzi zilizotungwa, tena kwa urefu wao maalumu, na uzi mfupi ulirudishwa. Basi msafara ukasimama. Wapagazi, wengi wao vijana wa Unguja na mrima waliozoea kubeba pembe begani, wakaketi chini ya miti na kutunga maelfu ya nyuzi kabla ya kusonga mbele. Katika msafara wa jirani alikuwamo Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyeijua njia hiyo, na kwake jambo hilo halikuwa geni hata kidogo.

Kabla ya hapo pambo kubwa la Wamaasai lilikuwa chuma na shaba, waya na mikufu iliyofuliwa. Kioo kilipozidi kupatikana baada ya reli na maduka ya Wahindi kufika bara, akina mama wakakigeuza kitu kingine kabisa. Shanga ndogo zilianza kuja kutoka Jablonec nad Nisou, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, na wao wakazipanga kwenye waya, safu kwa safu, zikitenganishwa na vipande vya ngozi. Ngozi ilipopungua walikata vitenganishi kutoka madumu ya plastiki. Mwanamke wa Jablonec aliyechagua rangi kiwandani hakujua zinakwenda kupangwaje, wala hakuulizwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilianzisha kampeni ya kuwavalisha Wamaasai suruali na kuwaachisha mavazi ya asili. Viongozi walikuwa na nia yao, naam. Suruali ikaingia, na shanga zikabaki.

Pwani, wakati huohuo, ushanga ulikaa chini ya kanga. Utunda wa kiunoni haukuwa wa kuonyeshwa mtaani. Ni mambo ya kungwi na mwari, nami sitayaandika gazetini.

Mwaka 1975 kule Karen, pembezoni mwa Nairobi, Susan Wood alianza na akina mama wawili kufinyanga shanga za udongo na kuzichoma. Waliiita Kazuri. Leo ni mamia ya wanawake, wengi wanalea watoto peke yao, wakifanya kwa udongo kile ambacho Tumbe walikifanya kwa kombe.

Lakini watunzi wengi wa sasa hawana kiwanda. Ni mwalimu baada ya kusahihisha madaftari, ni binti wa chuo, ni muuguzi siku yake ya mapumziko. Anatandika taulo mezani ili shanga zisibingirike, anamimina shanga za namba 11, ndogo kuliko za namba 8, kwenye visahani vya rangi mbalimbali. Uzi wake mara nyingi ni mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu haukatiki upesi. Akimaliza anapiga fundo, anakata, kisha anapitisha moto wa kiberiti kwenye ncha mpaka nailoni iyeyuke na kujifunga. Ukichelewesha moto, kazi ya jioni nzima inamwagika. Shanga za bei rahisi zina matundu yasiyolingana na nyingine hukwama kwenye sindano. Mtunzi mzoefu huzichambua kwanza, na muda huo hakuna mteja anayeulipa. Mteja anasema, Mama, punguza, ni shanga tu hizi.

Kenya kitu kinachotoka kwa wingi ni bangili ya bendera, inayovaliwa na utingo wa matatu na waziri vilevile. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani. Mtunzi akiruka mstari mmoja mweupe, hata iwe imetungwa vizuri namna gani, mteja anaigeuza, anahesabu rangi zake, na kuirudisha mezani.