Kwenda Kenya kwa Barabara ya Namanga: Hati na Njia za Panya

Mtanzania anayetaka kwenda Kenya leo hahitaji viza. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari ambayo hutolewa na Uhamiaji, na ni vizuri awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na anaweza kuulizwa wakati wa kurudi. Pale Namanga anagongewa mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, ndani ya jengo moja. Kituo hicho cha pamoja kilizinduliwa Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta. Akibahatika foleni kuwa fupi, mambo yamekwisha kabla chai haijapoa.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tuliozaliwa juzi tunadhani kwamba zamani kuvuka kulikuwa kugumu na kwamba masharti yamelegea kadiri miaka inavyokwenda. Historia inaonyesha vingine. Urahisi wa kumtembelea jirani umepanda na kushuka, na mara nyingi sababu haikuwa wasafiri wenyewe.

Mpaka huu ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, kuanzia mdomo wa mto Umba mpaka Ziwa Nyanza, ukipinda ili kuuacha mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Wamasai, Wadigo, Wataveta na Wakuria walijikuta wako pande mbili bila kuhama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilitawaliwa na Uingereza. Reli ya kutoka Voi ikaunganishwa na Kahe, na mpaka ukabaki zaidi kwenye ramani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1967, reli, bandari, posta na ndege vilikuwa tayari mali ya pamoja.

Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, baada ya miaka ya kulaumiana kuhusu nani anafaidi zaidi. Shirika la ndege la East African Airways lilikufa mwanzoni mwa mwaka huo na Kenya ikaanzisha lake. Mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka, ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa ndani ya nchi. Serikali ilitaka watalii washukie Kilimanjaro, ambako uwanja mpya wa ndege ulikuwa umefunguliwa mwaka 1971, badala ya kushukia Nairobi, kuja Serengeti kwa siku mbili na kurudi na pesa zao. Hoja hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini waliolipa gharama si watalii, ambao dunia ina mbuga nyingi. Waliolipa ni wenye shangazi Taveta na shemeji Loitokitok. Pasipoti haikuwasaidia kitu, maana lango la kuipitishia lilikuwa limefungwa.

Je, watu waliacha kuvuka? Hata kidogo. Tunaotoka Rombo tumekua tukisikia wazee wakizitaja njia za panya kwa majina, kama mtu atajavyo vituo vya daladala. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, na sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia vikawa vinaingia usiku kutoka Kenya, huku kahawa na ng'ombe wakienda upande wa pili. Mazishi nayo hayakusubiri marais wapatane. Aliyekwenda kumzika mjomba akapita njia ileile ya mwenye gunia la kahawa, na wote wawili, machoni mwa sheria, walikuwa wahalifu. Naona hapo ndipo mpaka uliofungwa ulipofanya ubaya wake mkubwa, kuliko hasara ya biashara ambayo vitabu huizungumzia zaidi.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha. Mapatano ya kugawana mali za Jumuiya, yaliyosimamiwa na Mswisi Victor Umbricht, yalitiwa saini mwaka uliofuata. Miaka sita na miezi kadhaa ilikuwa imepita.

Jumuiya mpya ilianza rasmi Julai 2000, na itifaki ya soko la pamoja mwaka 2010. Hata hivyo, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana raia wao watumie kitambulisho cha taifa tu kuanzia Januari 2014, Tanzania haikujiunga. Wengine huita huo ukaidi. Mimi nadhani nchi iliyowahi kufunga lango kwa kuogopa kunyonywa hailifungui lote kwa siku moja. Na kati ya Serengeti na Maasai Mara, pale Bologonja, nyumbu wanapita kila mwaka ila mtalii mwenye gari lake bado analazimika kuzunguka.

Anayejiandaa kwa safari basi aangalie tarehe ya pasipoti, na aulize habari za wiki hiyo. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilizuia abiria kuvuka Namanga, na malori yalipanga foleni ndefu madereva wakisubiri majibu ya vipimo.