Kura, Karatasi na Hesabu: Historia Fupi ya Viwango Huria vya Data za Uchaguzi

Neno kura limebeba mzigo mzito katika Kiswahili. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bahati nasibu, yaani kuchagua kwa kuokota. Leo lataja karatasi anayopewa mpiga kura, uamuzi anaoutia alama humo, na hata idadi inayotangazwa usiku. Watu huelewana kwa muktadha. Mashine haina muktadha. Ndiyo maana historia tunayokusudia kuieleza hapa, ingawa yaonekana kuwa ya mafundi wa kompyuta, inawahusu sana watunga istilahi.

Chanzo chake cha karibu ni uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000. Katika jimbo la Florida wagombea wawili wa urais walitofautiana kwa kura 537 tu, na kadi nyingi hazikutoboka sawasawa, hata wahesabuji wakawa wanazichungulia kwenye mwanga. Mwaka 2002 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kutoa fedha za kubadilisha mitambo. Watengenezaji walishindana kuuza, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuandika wagombea na hesabu. Mara nyingi aliyenunua mtambo wa kupigia kura kwa mmoja hakuwa na budi kununua kwake na mtambo wa kujumlishia.

Kabla ya sheria hiyo, mwaka 2001, shirika la viwango la OASIS lilikuwa limekwisha kuunda kamati ya kutunga muundo mmoja ambao mtambo wowote ungeweza kuusoma. Tunda lake ni Lugha ya Alama za Uchaguzi, ijulikanayo kwa kifupi kama EML. Lugha hiyo iligawa shughuli nzima katika nyaraka zenye namba: 230 ni orodha ya wagombea, 330 orodha ya wapiga kura, 410 karatasi ya kura, 440 kura iliyopigwa, 510 hesabu, 520 matokeo. Mfasiri ataona mara moja kwamba kati ya 410 na 440 neno letu kura linapasuka vipande viwili. Ataona pia kwamba hesabu si matokeo, kwani hesabu ile ile yaweza kutoa washindi tofauti chini ya sheria tofauti.

Mwaka 2004 Baraza la Ulaya lilizishauri nchi wanachama kutumia EML kila iwezekanapo. Ushauri huo ulibadilishwa kwa mwingine mwaka 2017. Mfano wa Uholanzi unatupendeza zaidi. Nchi hiyo iliacha mashine za kupigia kura na kurudi kwenye karatasi na penseli, lakini programu zake za kujumlisha matokeo zikaendelea kutumia muundo uliotokana na EML. Basi kiwango cha data chaweza kumfaa hata asiyeiamini mashine. Marekani nayo ilitoa muundo wake wa kutangazia matokeo mwaka 2016.

Tuje kwetu. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013, kura zilizokataliwa zilionekana kwenye majumlisho ya awali kuwa zaidi ya 300,000. Tume ya uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo mara 8. Mwishowe zilikuwa 108,975. Kisha likazuka swali la maneno matupu, ikiwa maneno yaweza kuitwa matupu penye kiti cha urais: je, kura iliyokataliwa ni miongoni mwa kura zilizopigwa, ambazo mshindi lazima apate zaidi ya nusu yake? Mshindi alikuwa ametangazwa kwa asilimia 50.07. Tarehe 30 Machi 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba simo.

Kanuni za Kenya hutenga pia karatasi aliyoikosea mpiga kura akairudisha na kupewa nyingine, ambayo haikuingia sandukuni kamwe. Magazeti na redio mara kwa mara huviita vyote viwili kura zilizoharibika. Tunapendekeza karatasi iliyoharibika kwa ile iliyorudishwa, na kura iliyokataliwa kwa ile iliyotolewa sandukuni.

Limebaki neno huria, ambalo wengine hupenda kuliweka wazi mahali pake. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 vya Kenya ziliwekwa kwenye intaneti, kila mtu akaziona. Lakini zilikuwa picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Aliyetaka jumla alilazimika kunakili tarakimu mwenyewe, fomu baada ya fomu. Kwa maoni yetu matokeo hayo yalikuwa wazi, ila data yake haikuwa huria, na maneno haya mawili yafaa yatenganishwe katika orodha ijayo ya istilahi. Wasomaji waliowahi kusimamia vituo vya kura watuandikie maneno wanayoyatumia huko kwa kila karatasi na kila fomu.